Kuwafundisha Wahandisi Katiba

Ipo dhana iliyoenea miongoni mwa wasomi wetu kwamba Katiba ni mali ya wanasheria na wanasiasa. Daktari husema kazi yake ni wagonjwa, mhasibu husema kazi yake ni vitabu vya hesabu, na mhandisi husema kazi yake ni madaraja na mitambo. Kila mmoja huamini kwamba kile kitabu chembamba kinachochapwa na Mpiga Chapa wa Serikali hakimhusu, labda mpaka siku atakapofikishwa mahakamani. Nimekuwa mwalimu kwa karibu miaka arobaini, nami nimeikuta dhana hiyo hata katika vyumba vya walimu. Lakini niliiona waziwazi zaidi baada ya kustaafu ukuu wa shule, nilipoombwa kufundisha uraia kwa muda katika chuo kimoja cha ufundi, kwa vijana waliokuwa wakisomea uhandisi ujenzi. Katika kurasa hizi nataka kueleza niliyowafundisha na waliyonifundisha wao, na kwa nini naamini kwamba mhandisi ni miongoni mwa watu ambao hawana ruhusa ya kutoijua Katiba ya nchi yao.

Ulikuwa mwaka 2013. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ikiongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilikuwa imetoa rasimu yake ya kwanza mwezi Juni, na kila kijiwe cha kahawa kilikuwa kikibishana juu ya serikali mbili au tatu. Vijana wangu hawakuwa wajinga hata kidogo. Waliweza kukokotoa uzito ambao boriti ya zege itaubeba na unene wa nondo zinazohitajika. Hata hivyo, siku ya kwanza walipoona neno Katiba ubaoni, mmoja wao alisimama akauliza kwa adabu, "Samahani Mwalimu, hili somo lina mtihani?" Nikamjibu kuwa linao, ila sehemu kubwa ya mtihani huo hataifanyia chuoni. Wenzake wakacheka, tukaanza.

Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuo cha ualimu, na huko tulifundishwa kwamba mwalimu humshika mwanafunzi mkono kutoka katika jambo analolijua na kumpeleka kwenye asilolijua. Basi niliwauliza: mhandisi akipewa jengo la zamani alikague, huanza na maswali gani? Wakataja wenyewe: lilijengwa lini, na nani, kwa matumizi gani, na tangu hapo limeongezwa au kupunguzwa nini. Nikawaambia kwamba maswali hayo manne yanatosha kabisa kuisomea historia ya Katiba ya Tanzania.

Katiba ya kwanza ya Tanganyika huru, ile ya tarehe 9 Desemba 1961, ilitolewa kwa amri ya Serikali ya Uingereza. Malkia wa Uingereza alibaki kuwa mkuu wa nchi yetu, akiwakilishwa na Gavana Jenerali, Sir Richard Turnbull, ambaye ndiye aliyekuwa gavana wa mwisho wa ukoloni. Katiba hiyo haikuwa na hati ya haki za raia. Viongozi wetu waliikataa wakisema kwamba nchi changa inayopambana na umaskini, ujinga na maradhi haiwezi kuacha mipango yake isimamishwe na mahakama, hasa wakati ambapo majaji wake walikuwa wangali wageni. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, nchi ikawa Jamhuri. Ikatungwa katiba ya pili iliyompa Rais madaraka makubwa ya utendaji, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kushtakiwa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati huo. Tulicheza ngoma za uhuru. Juu ya sheria ya kizuizini hakuna aliyetuambia neno.

Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano, na tarehe 26 mwezi huohuo Tanganyika na Zanzibar zikawa nchi moja. Mambo ya Muungano yalikuwa kumi na moja. Baadaye yaliongezwa hadi yakafika ishirini na mawili. Hati zile zilitaka Bunge la kutunga katiba liitwe katika muda wa mwaka mmoja. Badala yake, mwaka 1965 ikaja Katiba ya Muda, iliyotambua TANU kwa Bara na Afro-Shirazi kwa Zanzibar. Katika uchaguzi wa mwaka huo wananchi wa Bara walichagua kati ya wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Katiba hiyo iliyoitwa ya muda iliishi miaka kumi na miwili. Nilipofika hapo darasa liliangua kicheko, kwani vijana wa ujenzi wanavijua vizuri vile vibanda vya muda vya kutunzia saruji ambavyo husahaulika hata baada ya jengo lenyewe kuzinduliwa.

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi viliungana vikazaa Chama cha Mapinduzi. Tume ya watu ishirini, chini ya Mzee Thabit Kombo, ilitayarisha mapendekezo, na tarehe 25 Aprili 1977 Bunge Maalumu likapitisha Katiba ambayo ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Wananchi wenyewe hawakuipigia kura. Zanzibar nayo ikapata Katiba yake mwaka 1979, kisha nyingine mwaka 1984, na mwaka huohuo wa 1984 Katiba ya Muungano ikaingiziwa sura ya haki na wajibu wa raia. Lakini Serikali iliomba muda wa miaka mitatu ili kurekebisha sheria zake, kwa hiyo mwananchi hakuweza kuidai haki yoyote kati ya hizo mahakamani mpaka mwaka 1988. Mwaka 1991 ikaundwa tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza kama nchi ibaki na chama kimoja. Karibu watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na hata hivyo tume ikashauri mfumo wa vyama vingi, nao ukaanza mwaka 1992. Kufikia mwaka 2005 Katiba ilikuwa imekwisha kufanyiwa marekebisho kumi na manne.

Baada ya historia hiyo niliwaachia darasa swali moja: jengo lililosanifiwa kwa ajili ya chama kimoja, likaja likatobolewa milango ya vyama vingi, lifaa kuendelea kukarabatiwa au lijengwe jipya? Walibishana saa nzima. Wako waliosema nguzo zake zimethibitika, kwani zimebadilisha marais bila kumwaga damu. Wako waliosema ukarabati kumi na nne ni ushahidi kuwa mchoro wa awali haukufaa. Sikuwaambia nilikosimama mimi. Kazi ya mwalimu wa uraia ni kumpa kijana vipimo. Hukumu aitoe mwenyewe.

Nilifurahi kuona wameanza kusoma. Jambo moja lilitusaidia sana, nalo ni lugha. Vijana hawa hujifunza uhandisi kwa Kiingereza, na sheria nyingi za nchi zilikuwa kwa Kiingereza pia, mpaka mwaka 2021 Bunge lilipoamua kuwa Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Lakini Katiba ya mwaka 1977 iko kwa Kiswahili. Hawakuhitaji mkalimani. Walihitaji tu mtu wa kuwaambia kwamba kitabu kile ni chao.

Ubishi mkubwa ulizuka tulipofika Ibara ya 24, inayolinda haki ya mtu kumiliki mali na kukataza asinyang'anywe bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Kijana mmoja, hodari sana katika hesabu, alisema, "Mwalimu, barabara ni ya watu laki moja, shamba ni la mtu mmoja. Kwa nini Katiba imlinde yule mmoja atukwamishe?" Wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono.

Niliwaeleza kwanza kwamba Katiba haikatazi barabara kupita. Inaruhusu ardhi kuchukuliwa kwa manufaa ya umma, ila inadai mambo mawili: iwepo sheria, na aliyetwaliwa alipwe. Kisha nikawasimulia kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, watu wengi walihamishwa na mashamba yao yakagawiwa wengine. Miaka ya themanini baadhi yao walianza kuyadai mahakamani, na wapo walioshinda. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria iliyofuta haki za kimila katika ardhi hiyo, ikakataza fidia, na kuwafungia watu mlango wa mahakama. Baba na mwanawe kutoka mkoa wa Arusha, ambao walikuwa wamekwisha kushinda kesi ya shamba lao, waliipinga sheria hiyo. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake walisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kwamba mtu aliyetia jasho lake katika ardhi anastahili fidia ya haki. Vifungu vilivyovunja Katiba vikatupwa. Sheria za ardhi za mwaka 1999, zilizokuja baadaye, zinataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe bila kuchelewa. Niliwaambia: wakulima wale hawakuwa mawakili wala matajiri, ila walijua kwamba Katiba ina kifungu kinachowahusu.

Hapo ndipo binti mmoja, ambaye tangu muhula uanze hakuwa ameuliza swali, aliponyosha mkono. Alisema nyumba ya bibi yake imepakwa alama ya X nyekundu. Msomaji wa nchi hii hahitaji kuelezwa maana yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ndipo ukazaliwa ule msemo wa mitaani, kama mtu ameifuata barabara au barabara imemfuata mtu. Aliyemo ndani ya hifadhi ya zamani alipakwa X nyekundu na hakuwa na fidia. Aliyefikiwa na zile mita saba na nusu za nyongeza alipakwa ya kijani, na huyo alistahili kulipwa eneo lake litakapohitajika. Binti yule alisema, "Bibi aliishi pale kabla ya lami. Alimuuliza yule aliyekuja na kopo la rangi amepima kutoka wapi. Akajibu, mimi nimetumwa tu."

Darasa lilinyamaza. Sikumwambia binti yule kwamba bibi yake ameonewa, kwa maana sikuwa na ushahidi. Inawezekana kabisa kwamba vipimo vilikuwa sahihi na sheria ilikuwa upande wa mwenye rangi. Nilimwambia jambo jingine. Ibara ya 13 inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufani pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Kwa hiyo swali la bibi, kwamba umepima kutoka wapi, lilistahili jibu. Tena lilikuwa swali la kihandisi, si la kisheria! Mtu pekee aliyeweza kulijibu vizuri ni mtu mwenye futi mkononi na mchoro kwapani. Hakimu yuko wilayani, mbunge yuko Dodoma, wakili yuko mjini. Anayefika uani kwa bibi ni fundi sanifu, mpima ardhi au mhandisi. Kwa bibi yule, Serikali ni kijana huyo.

Nikawauliza tena: anaposema "nimetumwa tu", ametumwa na nani? Wakataja meneja, mkurugenzi, wizara. Nikawapeleka Ibara ya 8. Humo imeandikwa, kwa maneno yasiyo na fumbo, kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Ukiufuata mnyororo wa kutumwa mpaka mwisho wake, utarudi uani kwa bibi. Yeye ni mmoja wa waliokutuma. Basi kumjibu si hisani.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena habari za mtihani. Walianza kuvitafuta wenyewe vifungu vinavyowahusu. Waliiona Ibara ya 27, inayomtaka kila mtu alinde maliasili na mali ya umma na kupiga vita uharibifu na ubadhirifu, wakatambua kwamba anayepunguza saruji katika zege la kalvati, na anayetia saini hati ya malipo kwa kazi ambayo haikufanyika, wote wamevunja zaidi ya kanuni za taaluma. Waliona Ibara ya 135 hadi ya 143, juu ya Mfuko Mkuu wa Hazina na kazi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakaelewa kwa nini fedha za mradi haziwezi kuhamishwa kwa maneno ya mdomo. Waliona Ibara ya 145 na ya 146 juu ya serikali za mitaa, nami nikawaeleza kwamba mabaraza yale yalifutwa mwaka 1972 kwa jina la kupeleka madaraka mikoani, yakarudishwa miaka kumi na zaidi baadaye, baada ya kuonekana kwamba barabara za vijijini na visima havitunziki vizuri kwa amri kutoka mbali.

Sikuwaficha upande wa pili. Yule hodari wa hesabu, ambaye sasa alikuwa akisoma kuliko wote, aliniletea habari ya mgombea binafsi. Mwezi Oktoba 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia anaweza kugombea bila kupitia chama. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge likarekebisha Katiba ili mlango huo ufungwe. Kesi ikazunguka mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba zuio hilo linavunja haki za raia. Kijana akaniuliza, "Kama Bunge linaweza kuibadili Katiba kila mahakama inaposema neno lisilopendwa, Mwalimu, tunasoma nini?"

Lilikuwa swali zito. Nilimjibu kwamba Katiba haijitetei yenyewe. Kesi mbili za mwaka uleule wa 1994 zilikuwa na miisho tofauti: ile ya ardhi ilisimama, ile ya mgombea binafsi ilizungukwa. Karatasi ilikuwa ileile moja. Kilichotofautiana ni nguvu za watu waliozizunguka kesi hizo, faida zao na hofu zao. Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote ili Katiba ibadilishwe, na kwa baadhi ya mambo theluthi mbili ya wabunge wa kila upande wa Muungano. Pale Bunge karibu zima lilipokuwa la chama kimoja, kizuizi hicho hakikuwa kizito. Ndiyo maana haitoshi wanasheria kuijua. Inapojulikana na wachache, hao wachache huweza kuigeuza bila wengine kushtuka.

Historia iliyofuata iliwapa vijana wangu somo jingine, nao wakiwa tayari kazini. Rasimu ya pili ya Jaji Warioba ilikabidhiwa tarehe 30 Desemba 2013. Bunge Maalumu la Katiba likaketi Dodoma kuanzia Februari 2014, likiwa na wabunge, wawakilishi wa Zanzibar na wajumbe 201 wa makundi mbalimbali. Mwezi Aprili wajumbe wa umoja uliojiita UKAWA wakatoka nje, wakipinga kuachwa kwa muundo wa serikali tatu. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Na mwaka 2020 sheria ya kudai haki za msingi ikarekebishwa, ikamtaka mlalamikaji aoneshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa hiyo kitabu nilichokuwa nacho mkononi darasani mwaka 2013 ndicho kinachoendelea kutumika. Wengine huona jambo hilo kuwa sababu ya kukata tamaa. Mimi naliona kuwa sababu ya kuendelea kufundisha, kwa kuwa haijulikani mjadala utarudi mezani siku gani, na siku hiyo ni aibu kwa watu kukuta hawajui wanachotaka kukibadili.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo vya ufundi ni dogo. Somo hili lisiwe la saa za jioni, la kufundishwa na mstaafu aliyepatikana kwa bahati. Na lisifundishwe kama tulivyofundisha Siasa zamani, kwa kukariri majina na tarehe za mikutano. Mpeni kijana Katiba pamoja na mchoro wa barabara, kisha mwulizeni: mstari huu unapita katika shamba la nani, kwa sheria gani, kwa fedha iliyoidhinishwa na nani, na mwenye shamba ataambiwa na nani? Akiweza kujibu maswali hayo manne, amekuwa mhandisi wa Jamhuri. Asipoweza, hata kama daraja lake litadumu miaka mia, bado yuko yule aliyekwenda uani kwa watu na kopo la rangi bila kujua ametumwa na nani.